Isome Plagi Kabla Hujaifuta

Mteja akiniambia gari lake linamisi, yaani injini inakosakosa moto, na tayari amebadilishiwa plagi (kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda), swali langu la kwanza ni moja: za zamani ziko wapi? Karibu kila mara naambiwa fundi alizitupa, au alizisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, akazirudisha. Hapo huwa nasikitika kweli. Ushahidi wote wa ugonjwa ulikuwa umekaa kwenye ncha za zile plagi, na sasa haupo tena. Gari litatembea vizuri siku mbili tatu, kisha plagi mpya nazo zitachafuka vilevile, maana kilichozichafua za kwanza bado kimo ndani.

Mimi ni fundi wa injini za petroli. Kazi nilijifunzia eneo la Gerezani, Dar es Salaam, chini ya mzee mmoja ambaye hakumruhusu kijana yeyote kuigusa plagi kwa tambara kabla yeye hajaiona. Baadaye nikahamia Mbeya, na huku ndiko nilikoelewa kwa nini mzee alikuwa mkali vile. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi, na kwa ajili ya wenye magari na pikipiki waliochoka kulipia vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Tuanze na mahali plagi inapoishi. Ile pua nyeupe ya kauri inayoizunguka ncha ya kati imekaa ndani kabisa ya moto. Ili ifanye kazi sawasawa, joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 450 na 850 za selsiasi hivi. Likiwa chini ya hapo, masizi hayaungui, yanajikusanya juu ya kauri. Masizi ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo umeme wa koili unateremkia humo kwenda kwenye bodi bila kuruka pengo. Cheche inakosekana, gari linamisi. Joto likizidi sana juu ya 850, pua yenyewe inakuwa nyekundu na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kabla cheche haijaruka. Huko ndiko pistoni zinakotobokea.

Ndiyo maana plagi hutengenezwa kwa viwango tofauti vya joto. Ya moto ina pua ndefu inayochelewa kupoa, ya baridi ina pua fupi inayopeleka joto haraka kwenye silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Kwenye plagi za NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwenye Bosch na Champion ni kinyume chake. Hili linawaponza wengi dukani. Muuzaji anaangalia unene wa thredi (zile nyuzi za skrubu) na urefu wake, anasema "hii inaingia," na kweli inaingia. Lakini kuingia ni jambo moja na kufaa ni jambo lingine. Plagi yenye joto lisilofaa itakuonyesha rangi ya uongo siku zote, na utaitafuta hitilafu kwenye kabureta ambayo haina shida. Kwa hiyo kabla sijasoma rangi, nasoma maandishi: je, hii ndiyo plagi ambayo watengenezaji wa injini waliitaja?

Kuitoa kwenyewe kuna adabu yake. Injini ipoe kwanza, hasa yenye hedi ya aluminiamu, kwa sababu thredi za aluminiamu ya moto ni laini na hutoka na plagi. Kisha napuliza upepo kuzunguka shina la plagi kabla ya kulegeza. Barabara zetu za vumbi hujaza mchanga pale chini. Ukilegeza bila kupuliza, mchanga wote unaangukia ndani ya silinda. Nikishazitoa, nachomeka kila moja kwenye kipande cha boksi nilichokitoboa matundu manne, namba 1 mpaka 4. Kwenye Toyota ambazo injini imekaa kwa upana wa gari, namba 1 iko upande wa cheni au mkanda wa taimingi. Nazipeleka juani, mahali penye mwanga wa mchana, na nina kioo cha kukuzia. Mwanga wa tochi ya simu unabadilisha rangi, usiutegemee.

Mzee wangu alikuwa akisema plagi nzima iwe na rangi ya chai ya maziwa. Fundi yeyote wa umri wake atakwambia hivyo hivyo, na katika enzi zao walikuwa sahihi kabisa. Lakini petroli yao ilikuwa na risasi, na chumvi za risasi ndizo zilizokuwa zikiipaka kauri ile rangi ya hudhurungi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Petroli ya sasa ikiungua vizuri huacha kauri karibu nyeupe, yenye ukungu wa kijivu au malai kwa mbali. Nimewaona mafundi wazuri tu wakifungulia kabureta mafuta zaidi kwa sababu plagi "imekuwa nyeupe mno," wakiitafuta rangi ya zamani. Pikipiki ya watu inaanza kunywa mafuta bila sababu. Siku hizi mimi nautazama zaidi ule mduara mwembamba mweusi ulio ndani kabisa, pale kauri inapozama kwenye chuma. Mduara ukiwa upo lakini mwembamba, mafuta na hewa vinapatana. Ukiwa umepanda mpaka nusu ya pua, mafuta yamezidi. Usipouona kabisa na kauri imekauka kama chokaa, hewa imezidi.

Mbeya ndiyo iliyonifundisha habari ya hewa. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni pungufu kwa uzito kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani. Gari lenye sensa ya hewa linajirekebisha lenyewe. Kabureta haijui chochote: inamwaga mafuta karibu yaleyale kwenye hewa iliyopungua. Kwa hiyo kila pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam ikipanda huku inaanza kutoa plagi nyeusi, kavu, yenye masizi ya unga. Mwenye nayo anasema imepoteza nguvu, na anadhani injini imechoka. Injini ni nzima. Ninachofanya ni kuweka jeti kubwa (kile kitundu cha kabureta kinachopimia mafuta) ya namba ndogo zaidi, au kama sindano ya kabureta ina mifereji, nakipandisha kile kipini kinachoishika mfereji mmoja ili sindano ishuke. Halafu namwambia mwenye chombo kitu ambacho wengi hawaambiwi: siku ukihamia Kyela, rudi kwanza nikurudishie ulivyokuwa. Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi, na barabara ya kutoka huku inapita Isyonje, zaidi ya mita 2,000, kabla haijateremka Tukuyu. Pikipiki iliyobanwa mafuta kwa ajili ya milimani, ukiiendesha mchana kutwa bondeni kwenye joto lile na mzigo wa mchele, plagi yake itaungua.

Masizi makavu kwenye gari lisilo na kabureta, linalopuliziwa mafuta kwa nozo, ni habari nyingine, na hapa nataka nikae kidogo.

Alikuja mama mmoja, mwalimu, na Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Tukasalimiana, nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, hili gari limegeuka. Mafuta niliyokuwa natumia wiki nzima sasa hayafiki Alhamisi. Nimeshabadilishiwa plagi, nimeoshewa nozo, nimewekewa na pampu nyingine."

Nikamuuliza, "Mama, lilianza lini? Kulifanyika nini kabla ya hapo?"

"Hakuna kitu. Lilichemsha tu siku moja, likatengenezwa, likapona."

Nikazitoa plagi. Zote nne nyeusi, kavu, ukipitisha kidole masizi yanabaki kidoleni kama unga, hayana utelezi. Utelezi ungekuwa oili. Na zote nne zilifanana kabisa, huwezi kuitofautisha namba 1 na namba 4. Hapo ndipo kazi ya kufikiri ilipo. Plagi moja ikiumwa peke yake, tafuta kwenye silinda hiyo. Zikiumwa zote kwa namna moja, tafuta kitu ambacho zote zinakitegemea: kisafisha hewa, presha ya mafuta, sensa ya oksijeni, sensa ya joto la maji.

Nikaliwasha likiwa baridi nikashika bomba la juu la rejeta. Gari zima lenye themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, bomba lile hukaa baridi dakika kadhaa, kisha ghafla linapata moto, maana themostati ya injini hii huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hivi. La mama lilipata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, na likabaki uvuguvugu. Nikafungua nyumba ya themostati. Ndani tupu. Siku ile lilipochemsha, fundi aliing'oa "ili maji yazunguke vizuri."

Kung'oa themostati kumeenea sana kwetu, na nasema wazi kwamba ni kuliumiza gari la mtu. Injini inabaki baridi, tena kwenye Mbeya ya Juni na Julai ambapo asubuhi mtu anavuta pumzi na mvuke unaonekana. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini haijapata moto, kompyuta inaongeza mafuta kama inavyofanya kila asubuhi, na inaendelea kuyaongeza kutwa nzima. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Plagi inakuwa nyeusi. Ukiweka mpya inakuwa nyeusi tena. Taa ya chek injini kwenye gari lile haikuwaka hata mara moja, kwa sababu kwa upande wa kompyuta kila kitu kilikuwa sawa: injini baridi, mafuta mengi.

Tukaweka themostati, tukasafisha rejeta iliyokuwa imejaa wadudu na majani, tukabadilisha mota ya feni iliyokuwa inazunguka kivivu, ambayo ndiyo iliyochemsha gari siku ya kwanza. Oili tukamwaga, ilikuwa inanuka petroli. Plagi zilezile nyeusi nikazirudisha makusudi, bila kuzisugua, nikamwambia mama aende safari moja ndefu kisha apite. Alipopita, pua za kauri zilikuwa zimejisafisha zenyewe mpaka karibu na shina. Plagi ikifika kwenye joto lake inajiosha, haihitaji brashi.

Sasa ile inayoumwa peke yake. Dereva wa teksi aliniletea Carina ikiwa na plagi tatu safi na ya namba 3 imelowa oili nyeusi inayong'aa. Alikuwa ameambiwa ashushe injini, abadilishe ringi zote za pistoni. Kabla ya kumfikisha mtu kwenye gharama ile, kuna maswali ya kujibu.

La kwanza, oili iko wapi kwenye plagi? Ikiwa imelowesha kauri ya juu na shina, lakini pua ya ndani ni kavu, basi imetoka juu, imevuja kwenye sili za tapeti kava, kifuniko cha juu ya valvu, na kujaa kwenye kisima cha plagi. Hilo ni gasketi ya bei ndogo. Nimeona watu wakifumuliwa injini kwa ajili ya oili ya kisimani, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Hii ya Carina ilikuwa ndani, kwenye pua.

La pili, inapitia wapi? Nikapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, namba 3 ikawa sawa na wenzake. Nikadondosha kijiko cha oili kwenye tundu la plagi nikapima tena. Kama ringi zimekwisha, ile oili huziba kwa muda na kipimo hupanda kwa kiasi kikubwa. Hakikupanda cha maana. Nikamuuliza dereva moshi anauona wakati gani. Akajibu, "Nikiteremka Iwambi kwenda Mbalizi, pale chini nikikanyaga mafuta, nyuma kunakuwa bluu. Halafu asubuhi kidogo."

Hilo jibu lilitosha. Ukiteremka mlima mrefu ukiwa umeachia mafuta na gia imeshika, ndani ya manifoldi, yale mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini, kunakuwa na uvutaji mkubwa. Uvutaji huo unanyonya oili kupitia kwenye shina la valvu ikiwa sili yake imekauka. Oili inajikusanya, na ukikanyaga mafuta inaungua yote kwa pamoja. Ringi zilizokwisha hutoa moshi zaidi wakati wa kupanda na mzigo, na ukifungua kifuniko cha oili injini inapumua. Tulibadilisha sili za valvu bila kufungua hedi: tuliingiza kamba safi kwenye tundu la plagi, tukaipandisha pistoni taratibu mpaka kamba ikazishika valvu zisidondoke, tukafungua springi moja baada ya nyingine. Kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Ikiwa ya peke yake ni nyeusi kavu badala ya oili, mawazo yangu huenda kwenye koili dhaifu au nozo inayodondosha. Kwenye 1NZ kila silinda ina koili yake, kwa hiyo kupima ni rahisi: inayoumwa ikiwa namba 2, hamisha koili yake iende namba 3. Ugonjwa ukiifuata koili, umepata. Ukibaki palepale, angalia nozo. Ikiwa imelowa petroli yenye harufu kali, mafuta yanafika lakini moto haupo kabisa.

Plagi ninayoiogopa kuliko zote ni ile nzuri kupita kiasi. Unakuta tatu zina rangi ya kawaida na moja imeoshwa, kauri nyeupe safi, hata chuma cha pembeni hakina alama. Kijana atafurahi. Mimi naenda moja kwa moja kwenye tangi la akiba la maji nimuulize mwenye gari kama analiongezea. Maji ya rejeta yakiingia kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi iliyoungua, yanakuwa mvuke na kuisafisha plagi kila mzunguko. Ikiwa kuliwekwa kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, wakati mwingine inaacha ukoko mweupe au wa kijani kwenye ncha. Maji yanapungua na chini hakuna hata tone. Ukiipata katika hatua hiyo, itapasa hedi ikaguliwe na kunyooshwa, gasketi mpya, basi. Ukichelewa, silinda inajaa maji usiku, asubuhi mtu anapiga starta na konrodi ya pistoni inapinda.

Weupe wa hewa nyingi ni tofauti, na ukishauzoea hutauchanganya. Huo ni mkavu, una ukali, wakati mwingine una vipele vidogo kama kauri imechemka, na ncha ya kati inakuwa imeliwa mapema. Kwenye bodaboda sababu kubwa ninayokutana nayo ni mpira unaounganisha kabureta na injini kupasuka upande wa chini ambako hakuna anayeangalia. Pikipiki ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kuongezwa mafuta, napuliza maji kidogo pale kwenye mpira. Mlio ukibadilika, hewa inaingilia hapo. Sababu ya pili ni kung'oa kisafisha hewa ili "ivute." Inavuta kweli kwa muda, na inavuta vumbi pamoja nayo, kisha ringi zinakwisha, na plagi iliyokuwa nyeupe inageuka nyeusi ya oili. Nimeshuhudia pikipiki ileile ikipita rangi zote mbili.

Kwenye kauri nyeupe chukua kioo utafute vidoti. Vikiwa vyeusi vidogo kama pilipili manga, injini imekuwa ikigonga. Vikiwa vinang'aa rangi ya fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yenyewe inayomeguka. Kijana mmoja anayebeba viazi kutoka Umalila kuja Mbalizi aliniletea plagi ya namna hiyo akitaka tu kununua nyingine. Nikamwonyesha vile vidoti kwenye kioo, nikamuuliza anapanda na magunia mangapi, kwa gia gani, na mafuta ananunua wapi. Alikuwa anapanda na gia ya juu ili kubana matumizi, na mafuta ananunua ya chupa njiani.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haistahimili kubanwa, inalipuka yenyewe kabla ya wakati, na ukiongeza mzigo na gia isiyofaa, pistoni inapigwa nyundo kila mzunguko. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, ilianza kutia vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida, na hali ya vituoni ilibadilika. Ya chupa hayana anayeyakagua. Nilimwambia kijana, "Mdogo wangu, plagi nitakuuzia, lakini hii uliyoishika ni pistoni yako inaondoka kidogo kidogo." Akaanza kushusha gia mlimani na kujaza kituoni. Pistoni ile haijafunguliwa mpaka leo.

Kuna mambo yanayodanganya, na kijana ayajue mapema. Plagi inaonyesha zaidi namna injini ilivyoendeshwa mara ya mwisho. Gari lililowashwa na kuachwa likiunguruma sailensi robo saa kabla hujafungua litakuonyesha masizi hata kama ni zima. La mtu anayetoka Mwanjelwa kwenda sokoni na kurudi, kilomita mbili kila safari, litakuwa na plagi nyeusi kwa sababu halipati moto kamwe. Kwa hiyo naliendesha mwenyewe kwanza barabara ndefu. Kwa pikipiki ya kabureta, ukitaka kujua jeti kubwa ikoje, panda mlima mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, kisha palepale zima swichi, kamata klachi, simama pembeni utoe plagi. Hapo unasoma mlima, husomi foleni. Chagua mahali pasipo na magari nyuma yako.

Lingine ni ule mstari wa kahawia unaozunguka kauri ya nje, juu kidogo ya chuma. Wengi wanasema plagi inavuja kompresheni, wanaitupa. Haivuji. Ni umeme mkali unaovuta chembe za oili zilizo hewani na kuzigandisha pale, na hauna madhara yoyote. Tofauti yake na hatari ya kweli ni mwelekeo: michirizi myeusi inayoshuka wima juu ya kauri ya nje ina maana umeme unaruka kwa nje, na hapo kofia ya plagi au mpira wa koili umechoka. Badilisha mpira pamoja na plagi, la sivyo ule wa zamani utaichora mpya kwa siku chache.

Brashi ya waya siitumii kwenye pua ya kauri. Inaacha vumbi la chuma ambalo linapitisha umeme kama masizi yenyewe. Kwenye plagi za iridiamu ni mbaya zaidi, kwa kuwa ncha ni nyembamba kama sindano na inavunjika. Pengo nalo lipimwe kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, hata kwa plagi mpya: ile yenye -11 mwishoni mwa jina ni milimita 1.1, na pikipiki nyingi za aina ya CG125 hutaka kati ya 0.6 na 0.7. Wakati wa kurudisha, ianze kwa vidole mpaka ikae, ndipo boksi spana imalizie. Plagi ya milimita 14 yenye washa mpya inahitaji nusu mzunguko tu baada ya vidole, na zile nyembamba za milimita 10 za pikipiki huvunjika haraka sana mikononi mwa mtu mwenye nguvu.

La mwisho ni feki, ambazo zimejaa madukani na zinavuruga usomaji wote niliousema, maana pua yake haina kiwango cha joto kinachoeleweka. Boksi linaweza kufanana kabisa. Mimi natazama kama mkono uliopinda umekaa katikati sawasawa juu ya ncha, kama washa inachomoka kirahisi kwa vidole, kama thredi ni laini au zina makovu. Kisha naweka mita. Plagi ya asili yenye herufi R kwenye jina lake ina kizuizi cha umeme ndani, na kati ya ncha ya juu na ncha ya kati husoma kilo-ohm 5 hivi, inaweza kupungua mpaka 3 au kupanda mpaka 7. Niliwahi kupima seti nzima ya nne pale dukani mbele ya muuzaji: moja ilisoma sifuri, mbili hazikusoma kitu, ya nne ikasoma 5. Muuzaji mwenyewe alishangaa, akazirudisha kwa aliyemletea. Tangu hapo naingia duka la plagi na mita mfukoni, na sijawahi kukataliwa kupima.